Kedi naye aende safari

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Tangu nistaafu asubuhi zangu ni gofu kwenye viwanja vya Gymkhana au Lugalo hapa Dar, mashimo 18 kwa miguu, na kedi wangu, yule anayenibebea mfuko wa fimbo, anaujua mkono wangu, akininyooshea fimbo namba 7 kabla sijaomba basi najua upepo wa baharini umegeuka. Mwezi jana wazee wanne tulipanda treni ya SGR mpaka Morogoro, mifuko ya fimbo miguuni, tukacheza huku milima ya Uluguru imejifunika mawingu, yani raha tupu. Ila kinachoniuma ni kwamba tukipanga safari makedi tunawaacha Dar, wakati wapo wachezaji wazuri kabisa walioanza kwa kubeba mifuko. Jamani wastaafu wenzangu tuwachangie nauli, nao wacheze.

Mstaafu, Mikocheni