Harambee ya Maji kwa Makarasha ya Makongolosi

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa majirani zetu Waislamu, asalaam alaykum, maana vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, halimuulizi mtu anasali wapi.

Sisi ni usharika mdogo hapa Makongolosi, wilayani Chunya. Karibu kila nyumba yetu inakula kwa dhahabu, kama ilivyo huku Lupa tangu miaka ya 1920. Tunaomba mtuchangie shilingi 3,600,000 za kutuliza vumbi hilo kwa maji na kuwapima wanaokohoa. Tanki la lita 5,000, pampu, mipira na vinyunyizio vitakula 2,400,000. Zinazobaki ni nauli na gharama za picha ya kifua kwa wagonjwa wetu watakaokwenda Mbeya mjini.

Kwa asiyewahi kusimama mwaloni, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa: dhahabu yetu imejificha ndani ya lile jiwe jeupe, gumu. Linaingia karashani kama jiwe, linatoka kama unga wa sembe. Mama anayechekecha hujifunga kanga puani. Jioni akiifungua, kope zake zimekuwa nyeupe kama za bibi kizee, na akipenga kamasi, nazo ni nyeupe. Kanga haikuzuia kitu. Na huo unga anaouona ndio wenye nafuu, kwa sababu mwingi unanasa puani na kooni. Unaoua ni ule mwembamba usioonekana, unaopenya hadi mwisho wa mapafu na kubaki huko. Ni silika, madini yaliyomo ndani ya jiwe hilo jeupe. Mapafu hujaribu kuizingira, yanaota makovu, yanakakamaa. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Mtu anaweza kuacha kazi na bado ukaendelea kumla.

Tena mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mzee wetu mmoja wa kanisa ametumia dozi ya TB mara tatu, miezi sita kila mara, na tunashukuru dawa hizo ni bure. Lakini katika safari zote hizo hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Leo akitoka kwake kuja ibadani anapumzika mara nne njiani, na wala si mbali.

Vijana wanatuambia wanakunywa maziwa ili kusafisha vumbi. Jamani, maziwa yanakwenda tumboni, na vumbi liko mapafuni! Kunyweni kwa ajili ya njaa.

Kuna watakaouliza, serikali iko wapi? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Ila mfuko huo huchangiwa na mwajiri, na wengi wetu hatuna mwajiri: tunalipwa kwa mgao wa viroba vya mawe. Ukianza kukohoa, kiroba chako anachukua mwingine.

Ndiyo maana tumeanza na maji. Barakoa nzuri za kuzuia vumbi laini zinasaidia, na tutanunua kadiri itakavyowezekana, lakini kwa jua la Chunya mtu ataivua ifikapo saa tano, tusidanganyane. Ukungu wa maji ukipulizwa mdomoni mwa karasha na pale unga unapotokea, vumbi linaanguka kabla halijafika puani kwa mtu. Wenye makarasha waliogopa kwamba jiwe litakuwa uji na kugandia mashine. Tukajaribu na bomba la kunyunyizia dawa za mahindi, asubuhi nzima, karasha likasaga kama kawaida. Watatu wamekubali tuwafungie. Kisima kipo, kinachokosekana ni namna ya kuyafikisha maji.

Picha za kifua tutaanza na wanaokohoa kwa zaidi ya wiki mbili, wakiwamo akina mama wa machekeche, ambao hakuna anayewahesabu kama wachimbaji. Kila mgonjwa atasindikizwa na mtu wa kumweleza daktari kazi anayofanya na amefanya kwa miaka mingapi.

Michango inapokelewa na mtunza hazina wetu kila Jumapili baada ya ibada. Mlio Mbeya, Dar es Salaam au popote, tumeni kupitia ndugu zenu waliopo hapa, nao wadai risiti. Hesabu itabandikwa mlangoni mwa kanisa kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao kimeingia kidogo. Asiye na fedha atupe siku moja ya kuchimba mtaro wa bomba. Ni kama mita 200 na ardhi ni ngumu, kwa hiyo njooni na sururu.