Saidia fundi wa umeme nao waandikishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niongelee hawa vijana tunaowaita saidia fundi, hasa upande wa umeme sababu ndio kazi yangu. Karibu kila saiti utamkuta mmoja, anapasua ukuta, anapitisha paipu, anavuta waya, miaka mitatu minne yuko nyuma ya fundi huyo huyo, siku wakikosana au fundi akihama mkoa kijana anabaki na bisibisi na kitesta basi, hana karatasi hata moja ya kuonyesha muda wote huo alikuwa anafanya nini. Akiomba kazi kwa kontrakta anaulizwa cheti, akitaka leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, anaulizwa cheti, mwisho anaingia mtaani kufunga wayaringi kimya kimya, anatafuta mwenye leseni wa kumgongea muhuri kwenye fomu na huyo mwenye leseni nyumba yenyewe hajaiona.

Upande mwingine kuna aliyetoka chuo, cheti anacho, saketi kazifunga kwenye ubao wa karakana ila ukuta wa tofali hajawahi kuupasua. Hawa wote wawili dawa yao ni moja, uanagenzi ulioandikishwa, yani mkataba wa maandishi kati ya kijana na kontrakta mwenye leseni, posho inayoeleweka, kitabu ambacho kila kazi aliyoifanya inaandikwa na fundi wake anasaini, muda wa kwenda chuo, mwisho wa yote mtihani na cheti.

Kwanini nang'ang'ania kuandikishwa wakati vijana wanajifunza tu mtaani? Sababu mtaani unajifunza kile fundi wako anachokijua, na alichokosea yeye unakibeba hivyo hivyo. Mfano mdogo, kufunga soketi. Kijana anamenya waya kidogo mno, anaingiza kwenye teminali, anakaza skrubu, skrubu inakamata ganda la plastiki badala ya shaba. Ukipima kwa kitesta kinawaka, soketi inafanya kazi, mwenye nyumba anafurahi. Siku akichomeka pasi au jiko pale kwenye skrubu panaanza kupata moto, plastiki inayeyuka taratibu na hakuna anayeona mpaka harufu itoke. Au waya wa kijani na njano, ule wa ethi unaopeleka umeme uliovuja ardhini usimpige mtu, unakatwa unasukumwa ndani ya boksi kwa sababu "hata bila huo taa zinawaka", na nondo ya ethi nje inagongwa nusu tu kisa ardhi ina mawe. Nyumba hiyo ndio inakuja kufungwa hita ya kuogea. Kitesta cha bisibisi hakiwezi kukwambia ethi ni nzima, unatakiwa mashine za kupimia, na waya nao unapimwa na mega, kifaa cha kupima kama ganda la waya linazuia umeme usivuje, ya volti 500 usome walau megaohmu 1 kabla hujawasha, sasa niambieni ni saidia fundi wangapi wamewahi hata kuishika mega.

Na akianguka kwenye ngazi au akapigwa shoti je? Hayupo kwenye daftari la mwajiri yeyote, nani atampeleka WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, adai fidia? Mara nyingi ni mama yake ndio anachangisha hela ya hospitali.

Wenzetu Ujerumani fundi umeme anafundishwa miaka mitatu na nusu, kijana ana mkataba na kampuni na analipwa kila mwezi, kazini na shuleni kwa zamu. Hata hapa sio kitu kigeni, VETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi stadi, wameshaendesha mafunzo ya namna hiyo wakishirikiana na Wajerumani wa Hamburg, na serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu ina mwongozo wa uanagenzi tangu 2017 na kuna vijana wamelipiwa ada. VETA pia wanarasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani, hilo nawapongeza sana maana limeokoa watu wazima wengi. Ila kurasimisha ni kumpima mtu ambaye ameshajifunza, makosa yake ameshayaacha kwenye kuta za watu.

Ombi langu, tenda za umeme vijijini na za majengo ya serikali ziwe na sharti la kontrakta kuchukua wanagenzi walioandikishwa, na anayewachukua apunguziwe kidogo SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, sababu kumfundisha mtu kunachelewesha kazi na kontrakta mdogo hawezi kubeba hasara hiyo peke yake. Mabinti nao wapewe nafasi, kazi hii inataka umakini na wao wanaiweza kabisa.

Kama kuna kontrakta mdogo msomaji wa gazeti hili ambaye ameshaandikisha mwanagenzi naomba aandike hapa atueleze alianzia ofisi gani na akatakiwa kupeleka karatasi zipi, mi nina vijana wangu nataka wawe na mikataba kabla hatujaanza saiti nyingine.

Fundi umeme,
Mwanza