Barua ya Malalamiko: Mlituuzia Kicheko, Mkaficha Kilio

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Matangazo na Huduma kwa Watazamaji,
Kampuni ya Usambazaji wa Filamu.

KUH: TRELA NA BANGO LA FILAMU YENU YA SIKUKUU

Ndugu Mkurugenzi,

Nawaandikia kwa mara ya pili. Ujumbe wa kwanza niliutuma kwa barua pepe usiku uleule niliotoka kuitazama filamu yenu, nikiwa na hasira, nanyi mkanijibu kwa mistari mitatu: mnashukuru kwa maoni, sanaa kila mtu huipokea kwa namna yake, na maoni ya watazamaji yatazingatiwa katika kazi zijazo. Hasira sasa imepoa. Lalamiko liko palepale, na hilo neno "kazi zijazo" ndilo lililonifanya nikae tena niandike, kwa sababu naogopa mtajifunza jambo ambalo silo.

Niseme mapema, msije mkaniweka katika fungu la wanaotaka filamu iondolewe: filamu ni nzuri. Nimeitazama mara mbili. Ninacholalamikia ni zile dakika mbili za trela, lile bango la familia yenye kofia nyekundu inayocheka hadi magego yanaonekana, na maneno mliyoyaandika juu yake kwamba hiki ni kicheko cha familia nzima.

Trela tuliiona nyumbani, kwenye simu ya mdogo wangu, mama amekaa pembeni. Sehemu ya zawadi mnaikumbuka bila shaka, maana ndiyo mliyoiweka katikati na kuirudia katika kila tangazo fupi. Mzee anafungua boksi, anatoa redio ndogo, anapaza sauti: "Redio!" Ngoma inalia. Papo hapo mzee yuleyule, boksi lilelile: "Redio!" Ngoma tena, na sebule nzima inaangua kicheko. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema, "Huyu ni baba yenu mtupu." Na kweli, baba alikuwa mtu wa mizaha, hakuna aliyeingia nyumbani kwetu akatoka bila kutaniwa. Basi mama mwenyewe ndiye aliyeichagua filamu hii iwe ya kututoa ndani.

Baba tulimzika mwezi wa tatu. Miaka minne ya mwisho alikuwa akisahau. Ilianza kwa kuuliza leo ni siku gani, mara nne asubuhi moja, nasi tukadhani anatutania, kwa kuwa kututania ndiyo ilikuwa kazi yake. Mama alimjibu kila mara huku anacheka. Mara ya nne baba hakucheka naye.

Sasa naomba msome kwa makini tukio hilo la redio lilivyo ndani ya filamu yenyewe, kwa sababu sina hakika kama waliotengeneza trela walilitazama hadi mwisho. Mzee anafungua zawadi mara ya kwanza, watu wanacheka, redio inawekwa kando. Mjukuu, kwa kucheza tu, anairudisha kwenye boksi na kulifunga. Mzee analiona, analifungua: "Redio!" Kwa furaha ileile, uso uleule. Pale sebuleni safari hii hakuna hata mmoja anayecheka. Kile kicheko mlichotusikilizisha kwenye trela ni cha mara ya kwanza, mmekikata huko mkakibandika kwenye mara ya pili. Ndani ya filamu kamera inakwenda kwa binti yake na kubaki hapo. Tabasamu alilokuwa nalo linakaa mdomoni kama kitu alichosahau kukiondoa, macho yameshabadilika.

Na sisi ukumbini tulicheka. Tulicheka kwa nguvu, ukumbi mzima, kwa kuwa trela yenu ilikuwa imeshatufundisha mahali pa kucheka. Kicheko kilianza kufa kidogo kidogo, watu wakiutazama uso wa yule binti. Nyuma yetu alibaki mtu mmoja akicheka peke yake, kisha naye akanyamaza ghafla, kama aliyeshtuliwa. Mama alinishika kifundo cha mkono. Hakusema kitu, na hakuniachia hadi taa zilipowashwa.

Ndugu Mkurugenzi, mama yangu alicheka ugonjwa uliomuua mumewe, mbele ya watu, kwa sababu mlimwambia kuwa ni kichekesho. Nasikitika kuliandika hilo, lakini ndilo lalamiko lenyewe, na sijui njia nyingine ya kulisema.

Yaliyofuata pale ukumbini yangewafaa kuliko takwimu zozote za mauzo. Baba mmoja aliinuka na watoto wake wawili, mdogo akiuliza kwa sauti, "Babu anaumwa nini?" na mkubwa akimnyamazisha. Kijana aliyekuwa mbele yetu alisema, "Tumepigwa," akavaa koti lake. Mlangoni mama mmoja alikuwa akidai arudishiwe nauli yake na tiketi yake, na mhudumu, binti mdogo asiye na kosa lolote, alisimama akiomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya yeye. Lakini wapo pia waliobaki vitini hadi majina yote yakaisha kupita kwenye skrini. Mwanamume wa makamo, pembeni kabisa ya safu yetu, alikuwa akilia bila kujificha, na mwanamke asiyemfahamu alimpitishia karatasi laini kupitia mikono ya watu watano. Mama alikuwa mmoja wa hao watano. Aliishika ile karatasi kidogo kabla ya kuipitisha.

Hawa waliobaki hamkuwaandalia chochote. Mngewaambia ukweli, ukumbi ungejaa wao.

Najua mmeyaona maoni ya watazamaji mtandaoni, na najua nyota moja moja zilizojaa pale zinawauma. Yasomeni tena. Wengi hawasemi waigizaji ni wabaya wala hadithi ni mbovu. Wanasema "nimedanganywa", "sikujiandaa", "nilikwenda na watoto". Hayo ni maoni juu ya trela, yamepewa filamu. Nchini Marekani kuna kampuni ya CinemaScore, ambayo kwa zaidi ya miaka 40 imekuwa ikiwapa watazamaji kadi usiku wa kwanza wa filamu wajaze alama, kuanzia A+ hadi F. Anayejaza kadi hiyo ametoka kukaa kitini na ahadi ya tangazo bado iko kichwani mwake, kwa hiyo anaipima filamu pamoja na ahadi. Filamu yenye huzuni iliyotangazwa kama ilivyo inaweza kupata alama nzuri. Iliyotangazwa kwa uongo inaadhibiwa kwa kosa la aliyeitangaza.

Msiseme pia kwamba watu hawataki uchungu siku ya sikukuu. Hadithi za msimu huu zimekuwa na kaburi ndani yake tangu zamani: Charles Dickens alipoandika hadithi yake maarufu ya Krismasi mwaka 1843, alimpeleka mhusika wake akasimame mbele ya jiwe la kaburi lake mwenyewe. Filamu ya Frank Capra ya mwaka 1946, It's a Wonderful Life, inamweka mtu darajani usiku wa mkesha wa Krismasi akitaka kujiua. Ilipotoka haikurudisha hata gharama zake. Baadaye hakimiliki yake haikuhuishwa, ikaisha mwaka 1974, vituo vya televisheni vikaanza kuirusha kila mwaka bila malipo, na watu waliokwisha kujua kilichomo ndani wakaipenda hadi leo. The Apartment ya mwaka 1960 ni filamu ya kuchekesha, na ndani yake msichana anameza vidonge vya usingizi mkesha wa Krismasi. Ilipata tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Watazamaji wanaujua mchanganyiko huu. Wanaukubali, tena wanautafuta, maana sikukuu ndiyo siku ambayo kiti kitupu kinaonekana zaidi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka.

Pia msiichukulie trela kama kazi ya sanaa isiyowajibika kwa mtu. Mwaka 2022 watazamaji wawili nchini Marekani walishtaki kwa sababu trela ilimwonyesha mwigizaji ambaye ndani ya filamu hakuwamo kabisa. Kampuni ilijitetea kwamba trela ni kazi ya kisanii, na mwezi wa Desemba jaji wa mahakama ya shirikisho akaukataa utetezi huo, akasema trela ni tangazo la biashara na inaweza kuguswa na sheria za matangazo ya uongo. Mimi siji na wakili. Ninataja kesi hiyo ili mjue kwamba mtu akisema "trela ilinidanganya", hasemi jambo la kitoto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wengi wao wana mke au mume, watoto, ndugu. Katika ukumbi wowote mtakaoonyesha filamu hii, watu hao wamo. Wengine wangekuja mbio kama mngewaita kwa jina lao.

Nasema hivyo kwa sababu nilirudi. Wiki mbili baadaye, siku ya kazi, mchana, peke yangu, nikijua ninachokwenda kukiona. Nilicheka zaidi kuliko mara ya kwanza. Mzee anapomfundisha mjukuu kuiba kwenye karata, kisha anaibiwa yeye na mjukuu huyohuyo, nilicheka hadi machozi, na yalikuwa ya kicheko kweli. Mara ya kwanza sikuwa nimeliona tukio hilo, nilikuwa bado nawaza mkono wa mama. Ule mwisho, mwaka umepita na binti anaifunga redio ileile kwa karatasi mpya yenye kung'aa, anampa baba yake, na yeye anapaza sauti "Redio!", na safari hii wote wanashangilia kama vile imenunuliwa jana: hapo nilielewa kwa nini mwandishi aliichagua redio. Kusahau kumemnyang'anya kila kitu, wao wamekutumia huko kusahau kumpa zawadi upya kila mwaka. Filamu inayoweza kufanya hivyo haihitaji kufichwa nyuma ya kofia nyekundu.

Ninachoomba kinawezekana. Trela mliyonayo iondolewe, au angalau tukio la redio lirudishiwe ukimya wake badala ya kicheko cha kubandika. Siwaombi mtoboe hadithi. Semeni tu kwamba ni familia inayocheka wakati baba yao anaanza kusahau, maneno hayo yanatosha kwenye bango na kwenye maelezo ya mtandaoni, na mzazi atajua kama aje na watoto au awaache. Wahudumu wa milangoni waambiwe ukweli kuhusu filamu wanayoiuza, maana wao ndio wanaotukanwa. Nakala zitakapotoka kwa ajili ya majumbani, filamu iachwe kama ilivyo. Msimkate mzee wala msiupunguze mwisho ili kuwaridhisha waliokasirika, kwa sababu hawakukasirishwa na filamu. Na mtakapokaa kuamua juu ya hizo kazi zijazo, msiandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba watazamaji wamekataa huzuni.

Naomba pia radhi ya maandishi. Isitumwe kwangu, itumwe kwa mama, na isiwe ile mistari mitatu. Anwani mnayo kwenye ujumbe wangu wa kwanza.

Jambo la mwisho. Juzi mama aliniuliza filamu itatoka lini ya kutazama nyumbani, anataka kuiona tena, akiwa amekaa kwenye kiti chake, na aweze kuisimamisha anapotaka. Nilimwambia nitawauliza. Nasubiri jibu la hilo pia.

Wenu,
Mtazamaji