Nani atasimama kando ya kinda?

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu kujenga timu ya ligi kuu kwa vijana, nikawa nakubaliana nayo hadi pale mwandishi anaposhauri kila mchezaji aliyevuka miaka 28 aonyeshwe mlango. Hapo nikaweka gazeti chini. Niliwahi kuwamo katika timu ya namna hiyo, na naomba nafasi nieleze ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka 18, beki wa kulia. Klabu ilikuwa imeishiwa fedha, wakongwe wameondoka mmoja mmoja, na viongozi wakaupa ukata huo jina zuri: mradi wa vijana. Tulikimbia mno. Mechi moja ya ugenini tuliongoza 2-0 hadi dakika ya 70, wenyeji wakarudisha moja. Tangu hapo kila mpira uliotoka nje tuliufukuzia kana kwamba sisi ndio tuliofungwa; tunarusha haraka, tunaupoteza, tunashambuliwa upya. Hakuna aliyejua kwamba mpira wa kurusha una muda wake, wala kwamba kuna wakati mpira wa maana kuliko wote ni ule unaobutuliwa jukwaani. Tukalala 3-2. Kesho yake tukaambiwa hatuna moyo. Moyo tulikuwa nao, tena wa kumwaga. Tulikosa mtu wa kutuambia tupunguze mwendo.

Wanaotetea vikosi vya makinda watupu hupenda kuitaja Manchester United ya msimu wa 1995/96. Agosti 1995 ilifungwa 3-1 na Aston Villa, na mchambuzi Alan Hansen akasema kwenye televisheni kwamba huwezi kushinda chochote ukiwa na watoto. Watoto hao wakabeba ligi na Kombe la FA. Kisa ni kitamu, ila wasimuliaji hukisimulia nusu. Vijana Beckham, Scholes, Butt na ndugu wawili, Gary na Phil Neville, walikuwa na wakubwa wao: Schmeichel golini, Bruce na Pallister katikati ya ulinzi, Irwin pembeni, na Cantona mbele. Siku ile ya Villa, Cantona alikuwa bado anatumikia adhabu. Aliporejea Oktoba timu ikapata kichwa, na bao pekee la fainali ya kombe lilikuwa lake. (Cantona hakuwa mwalimu wa nidhamu, lakini hiyo ni barua nyingine.) Hansen alihesabu watoto akasahau kuwahesabu wakubwa. Mwandishi wenu naye amekosea vilevile, ila kwa kutokea upande wa pili.

Au tuchukue Ajax ya 1995. Fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Vienna, dhidi ya Milan, iliamuliwa dakika ya 85 na Patrick Kluivert, kinda wa miaka 18 aliyetokea benchi. Picha ya bao hilo imezunguka dunia nzima. Aliyempa pasi ni Frank Rijkaard, miaka 32, akiwa ukingoni mwa kustaafu. Kitambaa cha unahodha kilikuwa mkononi mwa Danny Blind, miaka 33. Mkono mmoja haulei mwana, na hata ile shule ya soka iliyosifika kuliko nyingi ililijua hilo.

Sisemi kwamba ukishaweka wazee wawili umemaliza kazi. Ajax hiyohiyo, Mei 2019, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, iliingia mapumziko ikiwa mbele 2-0 nyumbani dhidi ya Tottenham, na mkononi ina bao jingine la mechi ya kwanza. Ikafungwa 3-2, bao la tatu la Lucas Moura likiingia dakika ya 96, na fainali ikapotea kwa kanuni ya wakati huo ya mabao ya ugenini. Kikosini walikuwamo watu wazima kama Tadić. Niliitazama mechi ile nikiwa nimesimama, maana matokeo yale nayajua kwa miguu yangu.

Tofauti, kwa maoni yangu, iko kwenye nafasi. Winga wa miaka 18 akipoteza mpira, kuna mita 60 na wenzake saba kabla kosa halijafika golini. Beki wa kati au kiungo mkabaji akipoteza, kipa ndiye anayefuata. Kwa hiyo kipa, beki mmoja wa kati na huyo kiungo mkabaji, namba sita, wawe watu walioonja msoto, halafu pembeni na mbele waachiwe vijana wacheze wanavyojua. Mtanitajia Matthijs de Ligt, nahodha wa Ajax ile ya 2019 akiwa beki wa kati wa miaka 19. Ni kweli, ila klabu isiyo na De Ligt isipange kikosi kana kwamba inaye.

Kuna jambo ambalo makala haikuligusa kabisa: dakika. Kocha akipata kinda mzuri humtumia hadi amkaushe. Pedri, kiungo wa Barcelona, katika msimu wa 2020/21 aliouanza akiwa na miaka 17, alicheza zaidi ya mechi 70 za klabu na taifa, Euro na Olimpiki zikiwamo. Msimu uliofuata paja likamweka nje kwa miezi. Klabu yenye mkongwe wa nafasi hiyohiyo inaweza kumpumzisha kijana bila mashabiki kuzomea. Isiyo naye humchezesha akiwa na maumivu, naye kwa umri wake hawezi kusema hapana.

Na fedha. Monaco ilitwaa ubingwa wa Ufaransa 2017 ikiwa na Mbappé wa miaka 18 akicheza pembeni ya mshambuliaji mkongwe Falcao. Majira yale yale ya joto wakaondoka Mbappé, Bernardo Silva, Mendy na Bakayoko. Sizilaumu klabu kwa kuuza, nyingine haziishi bila hivyo. Ila FIFA hairuhusu mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuzidi miaka 3, kwa hiyo anayesema atajenga timu juu ya kijana wa miaka 16 aseme pia ni nani atakayeingia akiondoka.

Mimi niliondoka mwisho wa msimu ule. Katika timu mpya nilipangwa kando ya beki wa miaka 34, goti lake likiwa limefungwa bandeji kila siku. Mechi ya kwanza tukiongoza bao moja, mpira ukatoka nje, nikaanza kuukimbilia. Akanishika jezi kwa nyuma. "Tembea, mdogo wangu," akaniambia. Nikatembea.

Beki mstaafu