Bangili za sumaku zinatibu nini hasa?

Mhariri,

Ukipita Barabara ya Tom Mboya jioni hukosi kuwaona wachuuzi wa bangili za sumaku. Wana maneno, hao! Bangili hiyo hiyo eti inashusha presha, inatibu sukari na "kusafisha damu". Muuzaji anaisogeza kwenye msumari, msumari unanata, watu wanatoa pesa. Hilo linathibitisha nini kuhusu goti linalomuuma nyanya yangu?

Hoja yao kubwa ni madini ya chuma yaliyo kwenye damu. Yamo kweli, lakini yamefungwa ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na hayavutwi kama msumari. Mashine ya MRI, ile ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili, ina sumaku ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), yenye nguvu kupita bangili hizo mara nyingi mno, na mgonjwa hutoka humo damu yake ikiwa vilevile. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha matokeo ya wagonjwa 70 wa baridi yabisi waliojaribu vikuku vya sumaku na vya shaba. Havikuleta nafuu ya maana kuliko vile bandia walivyovaa kwa kulinganisha.

Anayetaka pambo, avae (ila mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiiweke bangili karibu na kifua). Kinachoniudhi ni mzee kuambiwa aache dawa zake za presha. Bodi ya Famasia na Sumu iwaulize wachuuzi hawa, na hasa wanaowaletea mzigo, ushahidi wa yale yanayoandikwa kwenye pakiti.

Msomaji,
Umoja, Nairobi