Kabla hamjachangisha pesa za ngoma

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Sisi wazima, bibi yako anakusalimu na anakuombea.

Umesema shule haina ngoma na mwataka kuchangisha pesa. Ngojeni kwanza, ala hupatikana hata kwa vitu vilivyopo. Ile pembe nyeusi ninayoipiga kwenye vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, ilikuwa kichwani mwa nyati. Upatu tunaougonga nao ni sahani ya shaba tu. Huko Trinidad, Waingereza walipowabana watu wasipige ngoma za ngozi, watu hao waligonga mianzi, kisha mikebe ya biskuti, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wakifinyanga mapipa ya mafuta kwa nyundo hadi yakatoa noti za muziki.

Sasa sikiliza nililolifanya juzi. Fundi aliacha kipande cha bomba la chuma uani. Nikakishika katikati, nikakigonga kwa mwiko: ko! Kama kigogo. Nikakipima, sentimita 90. Nikafunga uzi sentimita 20 kutoka kila ncha, nikakitundika kwenye kamba ya nguo, nikagonga pale pale katikati. Mwanangu, kililia! Hadi mama wa nyumba ya pili akachungulia dirishani. Bomba likigongwa hupindapinda kidogo mno, jicho halioni, na sehemu mbili tu ndizo zinazotulia. Hapo ndipo pa kufunga. Ukilishika katikati umelikaba koo. Kwa bomba lolote, ligawe mafungu matano, ufunge fungu moja na kidogo kutoka kila ncha.

Chupa za soda zina maajabu yake. Ukiigonga, kila ukiongeza maji sauti inashuka, maana kioo kinabeba mzigo. Ukiipuliza mdomoni, kila ukiongeza maji sauti inapanda, maana hapo kinacholia ni hewa, nayo imebaki kidogo. Jaribu zote mbili kwa chupa ile ile, utaona.

Sufuria za jikoni msiguse bila kumwomba mpishi. Nakusihi.

Pembe yangu sikupi, hiyo ni ya mama yangu. Ila nimekukwangulia vifuu sita, vimekauka vizuri juani. Mjomba wako anavuka hadi Mokowe, ng'ambo bara, Ijumaa kupanda basi, atakuletea. Vipige msasa kingoni kabla ya kuvigonganisha, visikukate vidole. Viwili ni vya ule mnazi wa nyuma ya kisima, vina sauti nzito kuliko vyengine. Nimevitia alama ya mkaa.

Mamako