Ukinijibu usijibie kwenye grupu

Mama Ima mwaya, habari za Mwanza? Watoto wazima? Baba Ima je? Huku kwa Mrombo tupo, mvua inasuasua, vumbi la malori kama ulivyoliacha. Haya salamu zimeisha, nina jambo.

Voisi ya mama umeisikia. Usiniambie hujafungua simu, nimeangalia kwenye simu yake mwenyewe, jina lako lipo kwa waliosikiliza, tena la pili. Tangu Jumanne grupu zima limeongea, hadi yule baba wa duka la gesi ambaye huwa anaweka bei tu na kupotea, ila wewe admini wetu kimya. Ndo maana nimekaa naandika hivi kirefu badala ya kupiga, nikipiga sijui kama nitalia au nitacheka.

Jumatatu si walikuwa wanabishana habari za uwanja wa Olmoti hapa Arusha, kwamba AFCON ya 2027 ikifika wageni watalala wapi, mara hoteli za mjini zitajaa, mara Wakenya watakuja na magari yao wageuze na Namanga usiku huohuo, mwalimu mstaafu naye akaleta historia kwamba mara ya mwisho haya mashindano kuja ukanda huu ilikuwa Ethiopia 1976, wakamnyamazia kama kawaida yao. Mi nikaacha simu nikaenda kuinjika makande. Kumbe mama kalala nalo.

Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Alikaa pale kwenye kigoda nje ya jiko, simu kaishika mbele ya mdomo kama anapuliza muhindi wa moto, napita na ndoo nikajua anaongea na dada wa Moshi. Jogoo anasikika, mimi mwenyewe nasikika namfokea Kelvin habari za soksi. Na mama taratibu kabisa anasema, "Wanangu msihangaike na wageni, mkwe wangu keshakopa milioni nne SACCOS ya kazini, anajenga vyumba viwili, na choo humohumo ndani." Anamsifia, unasikia kabisa anajivunia. Mwisho akasema, "Haya nimemaliza, hii inazimwaje?"

Milioni nne, Mama Ima. Nimejua siku moja na muuza gesi.

Maana mi niliambiwa banda la kuku. Tofali 600 zikashushwa pale nyuma, nikauliza, nikajibiwa kuku wa mayai wanataka nafasi. Fundi akachimba shimo, nikauliza, ooh ni la maji ya kuoshea banda. Zikaja fremu mbili za milango, mninga kabisa, na bado nikasimama pale nawaza hawa kuku wa aina gani wanabisha hodi. Mama Glory alikuwa anachungulia ukutani anacheka, mi nikadhani anacheka mambo yake.

Na wazo lenyewe sio baya, hilo ndo linanichoma. Angenishirikisha ningesema sawa, ila kwanza tupige hesabu, mpira ni mwezi mmoja tu na marejesho ni miaka, wakishaondoka humo analala nani? Anasema wapangaji. Sawa wapangaji wapo, lakini mwezi uliopita kaniambia ada ya Kelvin tuivute kidogo hali ngumu, kumbe hali ngumu iko kwenye mninga.

Nilitaka nikuombe umtoe mama kwenye grupu. Niliandika meseji nikafuta, nikaandika tena. Unajua alivyokuwa tangu baba afariki, kushinda anaangalia geti. Kelvin alipomwekea WhatsApp ndo akapata watu, sasa anajua mtoto wa nani ana homa, mbuzi wa nani kapotea, na anaombea watu kwa voisi, wengine wanamletea maziwa hadi mlangoni. Ile wiki ya uchaguzi mwaka jana, intaneti ilipozimwa Oktoba 29, kabonyeza simu weee haiendi, akaja kuniuliza kwa sauti ndogo, "wamenitoa?" Nikamwambia mama sio wewe, ni nchi nzima. Hakuniamini, akaenda ukutani kumuuliza Mama Glory. Sasa mtu kama huyo namtoaje? Usimtoe. Ila mpigie umwelekeze tofauti ya grupu na mtu mmoja, mimi nikimwelekeza anasema namfokea, na labda kweli.

Nirudi kwenye kimya chako. Dakika ya tatu ya ile voisi wengi hawakufika, mi nimeirudia mara sita. Mama anasema mdhamini ni "yule rafiki yake aliyehamishiwa ziwani". Mama Ima. Waliohamishiwa ziwani kutoka kazini kwao ni wangapi? Nimemuuliza mwenyewe kanijibu hayo ni mambo ya wanaume, basi huyo mwanaume analala kwenye kochi tangu Jumanne na asubuhi anatembea kashika shingo, na mama anamkandia kwa maji ya moto, mkwe wake kipenzi.

Kwa hiyo niambie. Baba Ima alisaini? Wewe ulijua lini, kabla ya tofali au baada? Ile siku umenipigia ukaniuliza "kuku wanaendeleaje" ulikuwa unanichora? Ni milioni nne kweli au hiyo ndo aliyoambiwa mama? Makato ni shilingi ngapi kwa mwezi? Na huyu akikwama si anakatwa mumeo, hilo mmeliongea au na wewe uliambiwa kuku? Pasaka mnakuja? Maana vyumba vipo, na inaonekana kimoja ni cha kwenu.

Mama anakusalimia. Kasimama hapa mlangoni na simu anauliza wewe ni yupi, mwenye picha ya ua au mwenye picha ya mtoto, anataka akutumie voisi. Nimemwambia asubiri. Nijibu leo, ila usijibie kwenye grupu.

Mama Kelvin